Miradi ya sanaa kwa watoto wa shule ya msingi: mwongozo kamili, kuanzia rangi tatu hadi kinyago cha karatasi

Mwalimu akichora samaki ubaoni na kuwaambia watoto wachore kama yeye, atapata samaki arobaini wanaofanana, na watoto kadhaa watakaoamini kuanzia siku hiyo kwamba hawajui kuchora. Nimeyaona hayo darasani kwangu, na aliyechora samaki nilikuwa mimi. Tangu hapo kila mradi naupima kwa swali moja: kazi zikitundikwa ukutani, je, kila mtoto ataitambua yake akiwa bado mlangoni? Kama hataitambua, mradi bado haujawa tayari.

Miradi sita iliyo hapa chini imepita kipimo hicho. Kila mmoja unafundisha mbinu kwa hatua zilizo wazi, lakini nini kichorwe, kikatwe au kifumwe ni uamuzi wa mtoto. Imepangwa kwa mfuatano: karatasi za mradi wa kwanza ndizo zitakazotumika katika wa pili, na mkono uliozoea gundi na mkasi ndio utakaoweza kinyago mwishoni.

Kabla ya kuingia darasani

Ufanye mradi mwenyewe kwanza, kwa vifaa vile vile watakavyopewa watoto. Ukijaribu nyumbani kwa mkasi mkali kisha darasani ukagawa mikasi butu, umejaribu mradi mwingine kabisa. Angalia saa unapofanya. Mimi muda wangu huuzidisha mara tatu kwa watoto wa miaka saba, na mara mbili kwa wa miaka kumi.

Kipindi cha dakika 40 kigawe hivi: dakika 5 za kuonyesha mbinu, 25 za kazi, 10 za usafi. Hizo 10 za mwisho usiziguse hata kazi ikinoga, kwa sababu brashi zikikaukiana na rangi leo, wiki ijayo hakuna somo. Wagawe watoto katika makundi ya wanne au watano, kila kundi na trei yake, na mtoto mmoja awe mtunza vifaa. Kazi hiyo izunguke kila wiki, na mtunza vifaa peke yake ndiye anayesimama kuchukua na kurudisha. Utashangaa jinsi kelele zinavyopungua.

Karatasi ya kawaida ya fotokopi, ya gramu 80 kwa mita ya mraba, inafaa penseli na kreyoni tu. Ikilowa hujikunja na kutoboka. Kwa rangi za maji tafuta ya gramu 160 au zaidi. Ikikosekana, tumia upande safi wa kadibodi nyembamba ya maboksi.

Rangi na gundi ziwe zimeandikwa kwamba hazina sumu. Kisu cha kukatia na gundi ya moto vibaki mkononi mwa mwalimu. Na kabla ya tone lolote la rangi, kila mtoto aandike jina lake kwa penseli nyuma ya karatasi. Ukisubiri kazi iishe, karatasi itakuwa imelowa na utabaki na kazi arobaini zisizo na wenyewe.

Mtoto wa umri huu anachora nini

Mtoto wa miaka sita au saba huchora kile anachokijua zaidi kuliko anachokiona. Mama atakuwa mkubwa kuliko nyumba kwa sababu mama ni muhimu kuliko nyumba. Kati ya miaka saba na tisa utaona mstari wa ardhi chini ya karatasi, kila kitu kikiwa kimesimama juu yake, na mbingu kama utepe wa bluu pale juu kabisa, katikati peupe. Wengine watachora gari ambalo ndani yake abiria wote wanaonekana, kana kwamba bati ni kioo. Hayo yote si makosa, basi usiyasahihishe.

Shida huanza miaka tisa hadi kumi na mmoja. Mtoto sasa analinganisha picha yake na kitu chenyewe, haridhiki, anafuta mpaka karatasi inachanika. Umri huu ndio wengi wanaoiacha sanaa moja kwa moja. Miradi ya chapa, kufuma na kinyago nimeichagua kwa ajili yao hasa, maana haimdai mtoto mchoro unaofanana na kitu halisi. Inamdai subira na mpangilio, na hivyo anavyo.

Mradi wa 1: Rangi tatu tu

Unahitaji rangi nzito za maji za aina tatu, nyekundu, njano na bluu, pamoja na nyeupe kidogo. Nyeusi ifungie kabatini. Watoto wakiwa na nyeusi huitumia kutia kiza kila kitu, na hawatagundua kwamba rangi tatu zikichanganywa pamoja hutoa kahawia na kijivu zilizo na uhai zaidi.

Kila watoto wawili wapewe makopo mawili ya maji, moja la kuoshea brashi na la pili la kuisuuzia. Kopo moja peke yake huchafuka ndani ya dakika tano, na baada ya hapo kila rangi inakuwa tope.

1. Mtoto aweke njano kwenye kisahani, kiasi cha kijiko kidogo.
2. Achovye ncha ya brashi kwenye bluu, achanganye, apake mraba mmoja kwenye karatasi.
3. Aongeze bluu kidogo tena, apake mraba wa pili. Aendelee hivyo mpaka apate vijani sita au saba vinavyotofautiana.
4. Afanye vivyo hivyo kwa njano na nyekundu kupata rangi za chungwa, kisha kwa nyekundu na bluu kupata zambarau.
5. Mwisho achague rangi moja aliyoipenda na kuijaza karatasi nyingine nzima, kwa mistari, madoa au mawimbi, apendavyo.

Siku zote rangi iliyokoza iingizwe ndani ya iliyo hafifu. Tone la bluu hubadilisha njano papo hapo, lakini ukianza na bluu utamaliza kopo zima la njano kabla ya kuona kijani kizuri.

Kwenye zambarau jiandae. Mara nyingi hutoka kahawia, na watoto hudhani wamekosea. Kosa ni la rangi yenyewe: nyekundu inayoelekea chungwa ina njano ndani yake, na njano huiua zambarau. Tafuta nyekundu inayoelekea waridi, uone tofauti. Ukiwa nazo zote mbili, wape watoto wazijaribu bila kuwaambia kitu, kisha waulize ni ipi iliyofanya kazi. Hilo hawatalisahau.

Brashi zisiachwe zimesimama kwa nywele ndani ya kopo. Zioshwe, zichongwe kwa vidole, zilazwe zikauke. Karatasi zilizojazwa rangi zitundike kwenye kamba kwa vibanio vya nguo, na usimruhusu mtoto kuzipeleka nyumbani. Utazihitaji wiki ijayo.

Mradi wa 2: Kuchora kwa mkasi

Mchoraji wa Ufaransa Henri Matisse alifanyiwa upasuaji mkubwa mwaka 1941, na baada ya hapo kusimama mbele ya turubai kukawa kazi nzito. Katika miaka yake ya mwisho, hadi alipofariki mwaka 1954, alikata maumbo kwa mkasi kutoka karatasi zilizokwisha kupakwa rangi, kisha yakapangwa na kubandikwa. Waeleze watoto habari hiyo kwa ufupi, kisha wape zile karatasi zao na sharti moja: penseli hairuhusiwi.

Sharti hili ndilo moyo wa mradi. Mtoto asiyechora mstari kwanza hana cha kufuta. Mkasi unaenda, umbo linazaliwa, naye anaamua ni nini.

Mwonyeshe kwamba mkono wenye mkasi unatulia na karatasi ndiyo inayozunguka. Watoto wengi hufanya kinyume na ndiyo maana miduara yao huwa na kona. Wanaotumia mkono wa kushoto wapatie mikasi ya kushoto. Mkasi wa kulia ukishikwa kwa mkono wa kushoto huziba mstari anaoukata, na nguvu ya vidole huachanisha makali badala ya kuyabananisha. Mtoto huyo anaonekana mzembe kumbe kapewa chombo kisicho chake.

Wakate maumbo kumi au zaidi, makubwa na madogo. Wasitupe mabaki, maana tundu lililobaki kwenye karatasi nalo ni umbo, na mara nyingi huwa zuri kuliko kilichokatwa. Kisha wayapange juu ya karatasi ya rangi moja bila gundi. Wayasogeze, wayalaze mengine juu ya mengine, wayatoe mengine. Baada ya mpangilio wa tatu ndipo gundi ije mezani, ipakwe nyembamba kwenye kingo zote. Mimi huificha gundi kabisa kwa dakika 15 za mwanzo, kwa sababu ikiwapo mpangilio wa kwanza ndio utakaobandikwa.

Mradi wa 3: Nta inayokataa maji

Huu ni mfupi na unafaa hata kwa wadogo kabisa. Mtoto achore kwa kreyoni akikandamiza kwa nguvu, nta ikae nene juu ya karatasi. Kisha apake rangi ya maji iliyozimuliwa sana juu ya mchoro wote. Maji yataikimbia nta na mistari itang'aa. Kreyoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe ndiyo siri wanayoipenda kuliko zote, kwani hakuna kinachoonekana mpaka rangi ipite.

Mbinu ikishindwa, sababu ni mbili tu: mkono haukukandamiza, au rangi ni nzito mno.

Mbinu hii inaungana vizuri na alama za majani. Jani liwekwe chini ya karatasi nyembamba, mishipa ikitazama juu, kisha kreyoni iliyovuliwa ganda lake ilazwe na kusuguliwa kwa ubavu. Majani mabichi yasiyo na nyama nyingi hufaa zaidi, kwa kuwa yaliyokauka hupondeka.

Mradi wa 4: Chapa

Hapa kuna jambo ambalo watoto hulifurahia kwa sababu halimo katika kuchora: kitu kimoja huzaa vingi. Kata kadibodi ngumu vipande vya sentimita 12 kwa 12. Juu yake mtoto abandike maumbo ya kadibodi nyembamba, uzi mnene, vipande vya kitambaa chenye mikwaruzo, chochote kilicho bapa na chenye mguso. Vyote viwe na unene unaokaribiana, maana kilicho juu sana huzuia jirani zake kugusa karatasi. Kibao hicho kikauke hadi siku inayofuata.

1. Tandaza rangi nzito kwenye sahani bapa, safu nyembamba.
2. Gonga sponji kwenye rangi, kisha gonga juu ya kibao. Usipake kwa kuburuta, rangi itajaa mabondeni na chapa itakuwa doa.
3. Laza karatasi juu ya kibao na uisugue kwa mgongo wa kijiko, kuanzia katikati kwenda pembeni.
4. Shika kona moja, uibandue taratibu.
5. Bila kuongeza rangi, piga chapa ya pili. Itakuwa hafifu, na mara nyingi ndiyo nzuri kuliko ya kwanza.

Chapa ya kwanza kabisa huwa mbaya kwa kila mtu, kwa sababu kadibodi kavu inainywa rangi. Waambie mapema ili wasikate tamaa. Wanaotaka kuandika majina yao waache wagundue wenyewe kwamba herufi hutoka zimegeuka. Mwenye kuyaona hayo mara moja atakuja kwako akiuliza namna ya kuandika kinyumenyume, nawe mpe kioo.

Kila mtoto apige angalau chapa sita. Moja abaki nayo, nyingine abadilishane na wenzake.

Mradi wa 5: Kufuma kwenye kadibodi

Kitanda cha mfumi, yaani fremu ya kufumia, cha mtoto ni kadibodi ya sentimita 15 kwa 20. Kwenye pande mbili fupi pima alama kila sentimita 1 na ukate mikato midogo ya nusu sentimita. Zungusha uzi imara kutoka mkato wa juu hadi wa chini, juu na chini, mpaka upande wa mbele ujae nyuzi zilizonyooka. Huo ni mtande. Uzi unaopita kati yake, juu ya mmoja na chini ya unaofuata, ndio mshindio. Unaporudi, ulipopita juu sasa upite chini.

Nyuzi za mtande zivutwe zitulie lakini zisiikunje kadibodi. Mshindio uwe mnene zaidi, ili kazi isonge na mtoto aone matunda ya jasho lake ndani ya kipindi kimoja. Tumia sindano butu kubwa, au chonga kijiti na kukitoboa tundu, na kila baada ya mistari mitatu uzi usukumwe chini kwa kitana.

Tatizo kubwa ni kiuno. Kazi inaanza na upana wa sentimita 13, na ikifika katikati ni 8, kwa sababu mtoto anavuta mshindio kila anapofika ukingoni. Kumwambia asivute hakusaidii. Mwonyeshe aulaze mshindio kama upinde, katikati ukiinuka juu, ndipo ausukume chini kwa kitana. Upinde huo una urefu wa ziada, na ndio unaouacha ukingo mahali pake.

Kazi hii isilazimishwe kuisha kwa mpigo. Ikae kwenye bahasha yenye jina, atakayemaliza hesabu mapema aichukue. Nimewaona watoto wasiotulia kwa lolote wakifuma kimya nusu saa nzima. Ikikamilika, kata mtande upande wa nyuma na ufunge nyuzi mbilimbili kwa fundo.

Mradi wa 6: Kinyago cha karatasi na gundi

Unachukua vipindi vitano au sita, na unachafua. Pia ndio utakaowafanya wakukumbuke.

*Kipindi cha kwanza.* Puliza puto liwe na ukubwa wa kichwa cha mtoto au pungufu kidogo, lifunge, na ulikalishe kwenye bakuli lisibingirike. Puto moja hutoa vinyago viwili, kwa hiyo watoto wafanye kazi wawiliwawili. Maputo yapulizwe na mwalimu, na vipande vya lililopasuka viokotwe papo hapo, kwa kuwa mtoto akikimeza kimoja kinaweza kumziba pumzi. Uliza mapema kama kuna mwenye mzio wa mpira. Akiwapo, tumia bakuli la plastiki lililopinduliwa. Iwe puto au bakuli, pakaza mafuta mazito ya kupaka ili karatasi isigande.

Gundi ni kikombe 1 cha unga wa ngano kwa vikombe 2 vya maji, ukoroge mpaka mabonge yaishe, na kijiko cha chumvi kuchelewesha ukungu.

Magazeti yachanwe kwa mkono, yasikatwe kwa mkasi. Ukingo uliochanika una nyuzinyuzi zinazolala na kupotea, wakati uliokatwa huacha ngazi inayoonekana hata baada ya rangi. Gazeti lina upande mmoja unaochanika kwa mstari ulionyooka na mwingine unaokwenda ovyo, basi jaribu pande zote mbili kwanza. Vipande viwe na upana wa sentimita 2 au 3 na urefu wa kiganja.

Kipande kizamishwe kwenye gundi, kisha kipitishwe katikati ya vidole viwili kukamua ziada. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na ndiyo inayofanya kinyago kichukue wiki kukauka na kunuka. Watoto wasiopenda kushika gundi wapo, na wengine huwasumbua kwelikweli. Wape brashi wapake badala ya kuzamisha, bila maneno mengi.

*Kipindi cha pili na cha tatu.* Ongeza safu moja kila siku, baada ya iliyopita kukauka. Safu ya pili ielekee kinyume na ya kwanza. Tatu zinatosha, nne ni bora. Safu moja iwe ya gazeti na inayofuata ya karatasi isiyo na maandishi, hapo mtoto anaona mwenyewe palipobaki wazi. Yaliyolowa yasianikwe kwenye jua kali: hewa ndani ya puto hutanuka na kupasua karatasi changa. Kivuli chenye upepo kinafaa.

*Kipindi cha nne.* Mwalimu atoboe puto na akate ganda katikati kwa urefu. Sasa kila mtoto ana uso. Pua, nyusi, pembe, mashavu, vyote vijengwe kwa karatasi iliyofinyangwa na kufungwa kwa vipande vya gundi. Waulize kinyago kinahisi nini, kina hasira, kimeshangaa, kinalala? Hisia huamua nyusi, na nyusi huamua uso mzima. Macho yatobolewe na mwalimu pale mtoto alipoweka alama.

*Kipindi cha tano, na cha sita kikihitajika.* Rangi nyeupe kwanza, kote, ili habari za gazeti zisichungulie. Ikikauka, warudie rangi tatu za mradi wa kwanza. Sasa wanajua kuchanganya.

Unapopita kati ya meza

Usiulize "Hiki ni nini?" Mtoto husikia kwamba hakieleweki. Sema "Nieleze kuhusu kazi yako." Na badala ya "Nzuri sana", taja unachokiona: "Umeweka nyekundu ndogo katikati ya bluu yote hii, jicho langu linakwenda pale." Hapo anajua umetazama.

Asiyeweza kuanza, mpe chaguo la mambo mawili, si mfano. Na mkono wako usiiguse kazi yake. Ukitaka kuonyesha jinsi ya kushika brashi, onyesha kwenye karatasi yako mwenyewe.

Ukutani zitundikwe kazi zote, pasiwe na kumi bora, na zikae usawa wa macho ya mtoto, yaani mita 1 hivi kutoka sakafuni. Chini ya kila moja andika sentensi moja aliyoisema mwenyewe, neno kwa neno, pamoja na tarehe. Muhula ukiisha, zishushe na umpe kila mmoja zake ndani ya kadibodi iliyokunjwa kama jalada. Zile za mradi wa kwanza zikae juu.